Daraja na Majua Mawili

"Huyu mutu alikuwa anasimama wapi?"

Mjomba aliniuliza hivyo Jumapili moja ya mwezi wa pili, mbele ya picha niliyokuwa nimeilinda mwaka mzima na ambayo nilikuwa nimeshaiandikia kurasa kumi na nne za tasnifu yangu ya chuo kikuu. Nikafungua mdomo, kwa kuwa kufungua mdomo ni kitu ambacho sikuhitaji kufundishwa na mtu. Nilijua turubai ni ya aina gani, nilijua nani aliinunua kwanza na nani aliirithi. Mahali alipokuwa amesimama mchoraji sikuwahi kujiuliza, mimi ambaye mama anasema niliuliza kwa nini kabla sijajua kusema maji.

Picha ni kubwa. Ukinyoosha mikono yote miwili huifikii mipaka yake. Ni bonde la Italia wakati wa alasiri. Nyuma kuna mlima wenye rangi ya samli, katikati daraja la mawe la tao moja juu ya mto, mbele mti mmoja mrefu mweusi, na wanawake wawili wenye mitungi wanatoka darajani. Aliyeichora alikuwa Mswidi wa karne ya kumi na tisa. Alikwenda kusini akiwa kijana, akazunguka huko miaka michache, mara nyingi kwa miguu, kisha akarudi Stockholm na kwa maisha yake yote yaliyobaki akachora Italia. Watu walizinunua picha hizo. Mahali ambapo mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, mtu atanunua jua la kuning'iniza ukutani na hataulizia limetoka wapi.

Siku za Jumapili nilikuwa mlinzi wa chumba kile cha makumbusho. Ni kazi ya kusimama, kuwaambia watoto wasiguse, na kuwaonyesha wageni choo kilipo. Mjomba alikuja kwa sababu mama aliniamuru nimtoe nyumbani. Alisema kaka yake ameanza kufanana na kochi, na kochi tunalo tayari. Basi akaja, ndani ya koti la kupewa lililomzidi mabega, akapita vyumba vitatu mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Mbele ya picha ile akainama mno, kengele ikalia, naye akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Mwanamke mmoja mzee akacheka. Mjomba akaniambia nimweleze yule mama kwamba kama angekuwa mwizi angebeba fremu, picha angewaachia.

Kisha akarudi kutazama. Mjomba alikuwa mwashi. Maisha yake yote alikuwa amepasua mawe na kuyapanga, na hakuitazama picha kama wageni wengine, ambao macho yao huanza mawinguni na kuishia kwa wanawake wenye mitungi. Yeye alianza chini, pale mguu wa tao unapokanyaga ukingo wa mto. Akakaa pale muda mrefu. Halafu, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshapigwa marufuku, akaonyesha kwa kidevu.

"Iko majua mbili hapa, mama."

Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la bibi yangu, aliyewazaa yeye na mama yangu. Kwetu ukipewa jina la mtu unachukua na nafasi yake, kwa hiyo mzee wa miaka hamsini na saba alikuwa mwanangu, na alipenda kuniomba mbele ya wageni ruhusa ya kwenda kulala, ili wacheke. Lakini siku hiyo hakuwa anatania. Nikatazama alikoonyesha. Kivuli cha daraja kilianguka majini upande wa kushoto. Kivuli cha mti kilianguka upande wa kulia. Mwaka mzima nilisimama hatua nne kutoka hapo na sikuwa nimeona.

"Fundi wa daraja alikuwa mzuri," mjomba akasema. "Fundi wa picha njo iko na shida."

Alikuwa amefika Sweden vuli iliyotangulia. Alilala sebuleni kwetu, Jakobsberg, nje kidogo ya Stockholm, na blanketi lake alilikunja kila asubuhi kwa pembe zilizonyooka kiasi kwamba mama aliona haya kwa ajili ya vitanda vyetu. Aliomba hifadhi. Kijiji chake kilikuwa kwenye milima iliyo magharibi ya ziwa Tanganyika, mwendo wa siku mbili kutoka Uvira. Watu wenye bunduki walikuja kule siku ambayo yeye alikuwa kazini kijiji kingine, akijenga msingi wa zahanati. Alipokuwa njiani kurudi alikutana na watu wanaokimbia, wakamgeuza. Mkewe alikuwa amebaki nyumbani, na mkewe alikufa siku hiyo. Hakurudi tena kule. Alikaa Uvira, akakaa kambini Burundi miaka mingi, na kwa njia ambayo hakupenda kuieleza akafika kwetu.

Hakuwa na karatasi hata moja. Kila kitu kilitegemea kama ofisi ya uhamiaji itaamini kwamba kweli anatoka kijiji kile. Akiaminika, atapewa kibali cha kuishi. Asipoaminika, atarudishwa. Na kwa kuwa hakuwa na cheti wala kitambulisho, njia pekee ya kuthibitisha kwamba unatoka mahali ni kuonyesha kwamba unapajua. Katika mahojiano ya kwanza walimpa karatasi na kalamu, wakamwomba achore kijiji. Akachora. Nakala ya mchoro ule alitumiwa na wakili wake, ikawekwa kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni.

Ningeweza kusema kwamba siku ile ya makumbusho niliona kitu kibaya kinakuja. Sikuona. Niliona tasnifu yangu imepata uti wa mgongo.

Wiki iliyofuata nilimwomba mtunza mkusanyo wa picha anipeleke ghalani. Ghala lile ni vyumba visivyo na madirisha, chini ya jengo, ambako mchoraji wangu ana droo tatu. Ndani yake kuna vijipicha alivyovichora huko kusini mwenyewe, kwa rangi ya mafuta juu ya karatasi, vidogo kama daftari, pembe zake zikiwa na matundu ya pini. Ndivyo walivyofanya kazi wakati ule. Mtu alikaa mlimani au bondeni asubuhi moja, akadaka mwanga kabla haujahama, akaviringisha karatasi na kwenda zake. Picha kubwa zilikuja baadaye, Stockholm, ndani ya chumba chenye jiko la kuni, hata baada ya miaka ishirini, karatasi zikiwa zimebandikwa ukutani.

Nilizitandaza mezani kwa glavu. Mnamo saa ya pili nililiona daraja. Peke yake, lina mto lakini halina mlima, na kivuli chake kipo kushoto. Mlima niliupata droo nyingine, na mwandiko wake pembeni unataja eneo lililo mbali sana na lile la daraja, mwendo wa siku kadhaa kwa punda. Mti alikuwa ameuchora mahali pa tatu, tena asubuhi, ndiyo maana kivuli kilienda kulia. Bonde lile halikuwahi kuwepo. Hakuna mtu aliyewahi kusimama pale. Nilifurahi, na sioni aibu kulisema hilo. Ndiyo furaha pekee ambayo chuo kikuu kilinifundisha, ya kumkamata mtu aliyekufa zamani katika uongo.

Nikapanda treni, nikafika nyumbani, nikamkuta mjomba akinywa chai yenye sukari vijiko vinne, nikamweleza yote kabla sijavua viatu. Hakushtuka. Aliuliza daraja ni la kweli? Nikasema ndiyo. Na mlima? Ndiyo. Na mti?

"Ndiyo, lakini si pamoja. Amevikusanya. Ametudanganya."

"Wewe ungekuwa polisi," alisema. "Tungeisha wote gerezani." Kisha akaongeza kwamba yeye angemfukuza kazi mtu yule si kwa ajili ya uongo bali kwa ajili ya uvivu, kwa maana kugeuza kivuli kimoja kingemchukua asubuhi moja tu.

Mama, aliyekuwa amerudi kutoka kuwaogesha wazee wa watu tangu alfajiri, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, aliuliza kama kuna mtu ndani ya nyumba hii aliyekumbuka kutoa nyama kwenye friza. Hakuna aliyekumbuka.

Basi niliandika. Niliandika haraka kuliko nilivyowahi kuandika kitu chochote, na hoja ilikuwa nzuri: kwamba mtu aliye mbali na mahali anapopapenda hapakumbuki, anapatengeneza. Anachukua kipande huku na kipande kule, anavishona, na baada ya miaka haoni tena mshono. Nilipoandika sentensi ile nilikuwa nimeketi kwenye meza ya jikoni. Mjomba alikuwa upande wa pili wa meza, akitengeneza kitasa cha dirisha. Ndipo nilipoinua macho nikamtazama, nikawaza jambo ambalo ningependa kusema lilinijia kwa upendo.

Nilitoa mchoro wake chini ya sahani.

Alikuwa amechora vizuri, kwa mistari ya fundi, bila mapambo. Mto ukitoka milimani. Nyumba, kanisa na kiwanja cha soko dogo, vyote upande wa jua linapochomoza. Halafu daraja, nguzo mbili za mawe na magogo yaliyolazwa juu yake, la kuvukia kwenda upande wa magharibi, kwenye mashamba. Daraja lile alilijenga yeye na wenzake wanne. Ofisi ya uhamiaji ilipomuuliza anajuaje kijiji kile, jibu lake kubwa lilikuwa hilo daraja: urefu wake kwa hatua, mawe yalikotolewa, mti wa magogo uliitwaje.

Nikafungua kompyuta, nikatafuta kijiji kwenye picha za setilaiti. Jina lilikuwepo, limeandikwa wazi. Mto ulikuwepo. Lakini nyumba zote zilikuwa magharibi ya mto. Upande wa mashariki, alikochora kanisa, kulikuwa na kijani kitupu. Daraja halikuwepo. Nilikuza picha mpaka ikageuka kuwa vumbi la rangi, sikuona hata nguzo.

Nilimgeuzia kompyuta. Alivaa miwani, akasogeza uso, akausogeza nyuma. Nikamwonyesha mto kwa kidole. Nikamwonyesha jina.

"Daraja yangu iko wapi?"

Nikamwambia hakuna daraja. Akasema basi si pale. Nikamwambia soma jina. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha asiyoielewa. Akasema jina ni lile, pale si pale. Nikamwambia setilaiti haina sababu ya kudanganya. Akaniuliza mimi nimewahi kuona mahali popote kutoka juu hivyo, nikasema kutoka kwenye ndege, akasema yeye hapana, yeye alipaona kwa kupanda na kuteremka, na kwamba anayepaona hivi ni Mungu peke yake, na Mungu hajaitwa kwenye mahojiano.

Ningecheka siku nyingine. Lakini mahojiano ya pili yalikuwa yamebaki wiki tatu, na niliogopa. Nilijua watu wa ofisi ile nao wana kompyuta. Watafungua kama nilivyofungua mimi, wataona nilichokiona, watamwita mwongo. Na nilikuwa na maelezo tayari, yamechapwa, yamesifiwa na msimamizi wangu. Mjomba alikuwa mwashi wa kuhamahama. Alijenga katika vijiji vingapi? Nikamuuliza. Vingi. Madaraja mangapi? Akahesabu kwa vidole: matano, sita ukihesabu lile lililochukuliwa na maji. Nikamuuliza kama ana hakika kwamba hilo la kwenye mchoro si la kijiji kingine. Kama si kwamba kichwa chake, kwa miaka yote hiyo ya kambini, kimelichukua daraja zuri kuliko yote na kulipeleka nyumbani.

Alisema tu kwamba mawe yake aliyabeba kwa mgongo huu, akajigeuza kidogo kwenye kiti, kana kwamba mgongo ungenieleza vizuri zaidi.

Siku ya pili nilimuuliza tena, kwa maswali mapya. Niko vizuri katika maswali. Kanisa lilikuwa la rangi gani? Kengele yake ilining'inia wapi? Asubuhi jua lilikupiga usoni ukitoka nyumbani, au mgongoni? Akajibu, nikamwonyesha pale majibu yake yanapogongana. Kila mtu majibu yake hugongana, sasa ninajua. Muulizeni mama yangu jua linaingilia dirisha gani jikoni kwake, atakosea, na ameishi humo miaka kumi na tisa. Lakini nilikuwa na kalamu nyekundu.

Mama alitusikia. Yeye hangeweza kuamua, maana alipelekwa Uvira kwa shangazi yake akiwa na miaka sita na alichokumbuka cha kijiji ni mbwa aliyemng'ata. Alisema neno moja tu, akiwa mlangoni na mfuko wa takataka mkononi.

"Muache aseme chenye anajua."

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama nilivyokuwa nikimjibu utotoni nilipotaka kumfunga mdomo, kwamba anachokijua ndicho kitakachomrudisha. Akatoka na takataka zake.

Siku ya tatu mjomba alivua miwani akaiweka juu ya kompyuta. Akasema labda. Labda daraja lilikuwa la kule kwingine. Miaka mingi imepita, kichwa kimepigwa na mambo mengi. "Wewe umesoma, mama. Mimi nitasema vile unasema." Niliipokea labda ile kama mtu anavyopokea cheti. Nikachora ramani mpya, nyumba na kanisa magharibi, bila daraja, kivuko cha kupita kwa miguu mahali mto ulipopanuka kwenye picha. Akaikariri. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Kwa wiki mbili nilimhoji asubuhi kabla ya kwenda darasani, naye alijibu huku akipasua yai, upande gani, ngapi, kuelekea wapi, na mara moja tu alikosea akasema daraja.

Siku ya mahojiano nilimsindikiza. Ndugu haruhusiwi kuingia, nikasubiri kwenye viti vya chini, kando ya mashine ya kahawa. Alitoka baada ya saa tatu. Alikuwa amelowa jasho mgongoni, na nje kulikuwa na theluji. Nikamuuliza vipi.

"Nimesema kama ulinifundisha."

Alitaka tununue samaki. Tulinunua samaki.

Uamuzi ulikuja mwezi wa tano, kwa Kiswidi, kurasa kumi na moja, na mimi ndiye niliyemtafsiria, kwenye meza ileile. Sikupunguza kitu. Nilidhani ninamheshimu kwa kutopunguza. Waliandika kwamba katika mahojiano mawili ametoa maelezo yanayopingana kuhusu mambo ya msingi ya mahali anapodai kutoka: upande wa mto, mahali pa kanisa, na kuwepo kwa daraja ambalo mara ya kwanza alidai amelijenga mwenyewe. Walimuuliza kwa nini amebadilisha, naye akasema amekumbuka vizuri zaidi. Hawakuliona hilo kuwa la kuaminika. Kwa hiyo haikuthibitika kwamba anatoka huko, na lililompata huko halikuhitaji kuangaliwa.

Nilipofika kwenye jina la kijiji aliniomba nirudie, nikarudia. Basi. Akauliza kama karatasi hizi anaweza kuzikunja au zinatakiwa zibaki zimenyooka.

Wakili, mtu mpole mwenye mafaili kila mahali hadi kwenye kiti cha wageni, aliniambia jambo ambalo sikuwa nimemuuliza mapema, mimi muulizaji. Alisema mchoro wa kwanza kutolingana na ramani lingekuwa jambo la kuzungumzika. Ramani za kule ni mbovu, watu wanajua, yeye mwenyewe angelieleza. Kisichoelezeka ni mtu kubadilisha. Aliuliza, bila ukali, kama kuna aliyemshauri.

Tukakata rufaa. Niliandika barua kwa mahakama nikaeleza kila kitu: setilaiti, maswali, kalamu nyekundu, ramani niliyoichora kwa mkono wangu. Ndiyo maandishi ya kweli zaidi niliyowahi kuyaandika, hayana hoja hata moja. Mahakama ilisema ni maelezo ya ndugu wa karibu yaliyotolewa baada ya uamuzi, na kwa sababu hiyo yana uzito mdogo. Ningekuwa mahali pao ningesema hivyohivyo. Hilo ndilo lililonifanya nisilale.

Wiki ileile tasnifu yangu ilirudi na alama ya juu kabisa. Msimamizi aliandika pembeni kwamba uchunguzi wa vivuli viwili ni wa kipekee na unaonyesha jicho kali. Kwenye tasnifu nilikuwa nimeandika kwamba mtazamaji makini ataona. Sikuandika mtazamaji gani.

Mjomba aliondoka mwezi wa nane, kabla hawajaja kumchukua. Asubuhi tulikuta blanketi limekunjwa, kikombe kimeoshwa, kitasa cha dirisha kinafunga vizuri. Hakuacha barua, hakuwa mtu wa barua. Wiki mbili baadaye alipiga simu kutoka kusini mwa Italia, alikofikia kwa mtu waliyejuana kambini. Alikuwa anachuma nyanya ndani ya vibanda vya plastiki. Nilimuuliza kukoje. Akasema joto. Nikamuuliza anaona nini akitoka nje, milima, mto, nini? Akasema akitoka huwa ni wakati wa kulala.

Mama aliongea naye kila Jumamosi kwa miezi kadhaa. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alianza tu kujibu maswali yangu kwa neno moja, hata ya chumvi na ya saa ngapi. Kisha simu za mjomba zikapungua, zikakoma. Namba ile sasa inapokelewa na mwanamke wa Kiitaliano ambaye ameshanichoka; anajua sauti yangu, anasema hapana kabla sijasema jina. Tumeuliza kwa watu wa kanisa, tumeuliza kwa wale wa kambini. Yule aliyempokea alisema walihamia shamba lingine, wakaachana njiani.

Siku hizi sifanyi kazi ya picha. Nipo Kista, kwenye ofisi inayotengeneza programu za hospitali, nasoma maandishi ya watu na kuuliza wanamaanisha nini. Mara chache nikiwa mjini huingia kuitazama picha ile. Wamebadilisha taa. Kibao kipya kando yake kinaeleza kwamba mandhari imeunganishwa kutoka sehemu tatu tofauti, na wageni wanakisoma, wanatabasamu, wanaitazama picha kidogo zaidi kuliko zamani, wanahama.

Mwaka wa sita tangu mjomba aondoke, mzee mmoja wa kanisa alifariki, tukaenda kwenye matanga Vårby gård. Nyumba ilijaa, wanaume wamekalia viti vya plastiki hadi ngazini, mchungaji anaongea Kifaransa na Kiswahili katika sentensi moja. Niliwekwa jikoni kumenya vitunguu pamoja na mama mmoja ambaye sikuwahi kumwona, mgeni wa wafiwa, aliyekuja kutoka Burundi miezi michache kabla. Alinitania kwamba Waswidi wamenisomesha hadi nimesahau kisu kinavyoshikwa. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikataja kijiji, kama ninavyokitaja siku zote, kwa sauti ya kupita. Akaacha kumenya.

Alikijua. Alikuwa ameolewa jirani na huko, na alirudi kule mara mbili baada ya vita. Akaniuliza ninasema kile cha zamani au cha sasa. Nikamwambia sikuelewa. Akashangaa.

"Kwani hamukuambiwa? Kijiji kilihama."

Alinieleza huku akiendelea na kitunguu, bila haraka, kama jambo linalojulikana na kila mtu. Waliorudi baada ya siku ile hawakukubali kulala tena mahali walipozika watu wengi kiasi kile. Chifu akawachukua, wakajenga magharibi ya mto, kwenye yaliyokuwa mashamba yao. Na kule kwetu, alisema, jina la kijiji ni la watu, si la udongo. Watu wakihama wanahama nalo. Upande wa mashariki hakuna anayelima wala anayekata kuni. Kuta za kanisa zimeshamezwa na miti.

Nikamuuliza habari ya daraja. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, naikumbuka. Akasema daraja lilikuwepo, la nguzo za mawe, alilivuka akiwa bibi harusi. Magogo yake waliyang'oa wanakijiji wenyewe siku ile ile, wale waliowahi kufika ng'ambo, wakayasukumia mtoni ili wenye bunduki wasiwafuate. Waliokuwa hawajavuka waliachwa ukingoni, na mmoja wao, alisema, alikuwa mke wa yule mwashi aliyelijenga.